Watoto wa darasa la pili na hisia za wahusika: maswali gani yanafaa?

Mwl_Chanika: Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha darasa la pili, watoto 70, kitabu cha hadithi kimoja. Nataka hadithi ziwasaidie kutambua hisia, lakini nikiuliza "Anajisikiaje?" darasa zima linaitikia "Vibaya!" Nifanyeje?

Bi_Shuu: Pole kwa kazi, mwalimu. Wanasema "vibaya" kwa sababu hawana maneno mengine. Kabla ya hadithi andika ubaoni matatu yanayokaribiana: wasiwasi, hofu, mshtuko. Onyesha kila moja kwa uso wako.

Kisha simulia ngano ya kima na papa, haihitaji kitabu. Simama pale papa anapomwambia kima, wako katikati ya bahari, kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Uliza, "Mwili wa kima unafanyaje sasa?" Watakwambia anatetemeka, koo limemkauka. Hapo ndipo wachague neno la ubaoni. Simama tena kima akishamdanganya papa kwamba moyo ameuacha mtini, akarudishwa na kupanda huko, umgeukie papa: ana hasira, aibu, au vyote viwili? Wanong'onezane wawili wawili dakika moja kwanza, la sivyo utawasikia walewale wanaonyoosha mikono kila siku. Ukisimama zaidi ya mara tatu, utamu wa hadithi unakwisha.

Mwl_Kwale: Na siku hiyo achana na "hadithi inatufundisha nini?" Mtoto akijua unatafuta funzo, atakupa "tusiwe waongo" na kuficha kwamba amemwonea papa huruma. Huruma hiyo ndiyo tunayoitafuta! Hadithi nyingine za Kiswahili zipo bure kwenye tovuti ya African Storybook. Chagua ambayo hisia za mhusika zinabadilika njiani.

Mshauri_Nasaha: Tafadhali, msimwambie mtoto asimulie mbele ya wenzake siku aliyoogopa. Anaweza kutaja kipigo cha nyumbani, kisha mapumziko wamtanie. Anayetaka achore. Likijitokeza jambo zito, msikilize faragha, usimwahidi kuficha siri, mhusishe mwalimu wa ushauri nasaha au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Mwl_Chanika: Asanteni sana. Na wale wasiofungua mdomo kabisa?

Bi_Shuu: Vizibo vya soda, vitatu kwa kila mtoto, kila kimoja umekichora uso wa neno mojawapo. Ukiuliza, anaweka kimoja mezani. Pita katikati ya madawati ukitazama, bila kumtaja mtu jina. Wawili wa dawati moja wakiweka tofauti, waulize kwa sauti ya chini kila mmoja ameona nini.