Vibao vya majina kwenye nyumba za Wayahudi Ujerumani, tunaweza kufanya hivi Mikindani?

mtembeza_wageni: Wadau habari za jioni. Natembeza wageni hapa Mikindani, juzi nimempitisha mzee mmoja wa Kijerumani bomani halafu kwenye zile nyumba za maduka ya zamani, kasimama mlangoni anauliza hili lilikuwa duka la nani, si unajua huku wote tunasema tu kwa Mhindi basi imeisha. Akasema kwao nyumba walizotolewa Wayahudi zina vibao chini na majina kabisa. Kuna aliyeviona? Na maduka yao yaliishia wapi?

mmwera_ughaibuni: Mkuu mi mtu wa Lindi ila niko Chemnitz, Ujerumani, vipo. Vinaitwa Stolpersteine, kaanzisha msanii Gunter Demnig miaka ya 90, kijibati cha shaba sentimita 10 kwa 10 kinazamishwa njia ya miguu, kinaandikwa hapa aliishi fulani, kazaliwa lini, kapelekwa wapi, kauawa wapi. Mwaka 2023 vilifika 100,000. Shaba inafubaa, kwa hiyo tarehe 9 Novemba, siku ya kukumbuka maduka na masinagogi ya Wayahudi yalivyovamiwa 1938, unakuta watu wamepiga magoti wanasugua. Maduka sasa, hapa kuna jengo la Schocken, lilikuwa duka kubwa la Wayahudi, limepinda kama upinde na madirisha yamezunguka mwanzo mwisho, kachora Erich Mendelsohn, likafunguliwa 1930. Aprili 1, 1933 Wanazi, yaani chama cha Hitler, wakasimamisha walinzi milangoni mwa maduka ya Wayahudi nchi nzima kufukuza wateja, ikafika 1938 wenyewe wakalazimishwa kuuza, likabadilishwa jina likawa Merkur. Leo ni makumbusho na ndani wameeleza habari za mwenye duka.

dada_wa_mitema: Ila sio wote wanavipenda. Mji wa München wamekataa visiwekwe kwenye njia za umma, Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi pale, anasema majina ya waliouawa yasikanyagwe, wao wanaweka ukutani. Mi niko naye, jina la babu yangu mtu apite na ndala za matope? Thubutu.

shangani_east: Msichanganye mambo lakini, wale waliuawa. Wahindi wetu wengi walihama wenyewe, wengine baada ya majumba kutaifishwa 1971, maandishi hayawezi kufanana. Mdogo wangu anza na wazee wa hapo hapo Mikindani, wanakumbuka nani aliuza vitenge na nani alinunua korosho, halafu tafuta familia zao uombe ruhusa kabla hujagonga msumari.

mtembeza_wageni: Shukrani wakuu, ukutani basi. Mwenye namba ya fundi wa vibao Mtwara mjini aitupie hapa, asiwe wa kunipiga bei ya mtalii.