Mama ana VVU, mtoto anakonda: serikali igawe maziwa ya kopo au anyonyeshe tu?

Mzawa_Makambako
Wakuu habari za asubuhi. Binamu yangu yuko kwenye dawa miaka mingi na anameza vizuri, namfahamu. Kajifungua, mtoto ana miezi minne sasa ila kilo ndo hivyo, mwezi uliopita 4.3 mwezi huu 4.1, mkono kama njiti ya kiberiti. Kliniki wanamwambia nyonyesha tu, kopo hapana. Sasa serikali hii hii inagawa ARV bure, kondomu bure, vyandarua bure, inashindwaje kugawa maziwa ya kopo kwa hawa mama hata miezi sita tu? Tujadili bila matusi.

Mangi_Mtata
Bila matusi humu? Haya. Mkuu kopo la gramu 400 mtoto wa miezi minne anamaliza siku nne, akijibana. Na kopo sio unafungua unampa, linataka maji ya kuchemsha, mkaa, vyombo safi mara sita kwa siku na usiku wa manane pia. Ukifika mwezi wa tatu wa mgao stoo inaambiwa makopo yameisha, ziwa la mama limeshakauka, hapo ndo anaanza kuzimua maziwa mpaka yanafanana na maji ya kuoshea mchele. Botswana waligawa bure, sijui 2006 au 2007, zikaja mvua kubwa, watoto wa kopo waliharisha na kufa usiombe.

ChipsiYai
Mnazunguka mbuyu, huyo mtoto KABEMENDWA, kakonda kwa sababu wazazi wanashiriki tendo huku ananyonya au baba anachepuka. Muulizeni baba yake analalaga wapi.

nesi_wa_zamu
Nimetoka zamu ya usiku sijalala nakutana na hii. @ChipsiYai nyie ndo mnatuulia watoto. Naletewa mtoto miguu imevimba, nywele zimegeuka rangi, kiunoni ana hirizi tatu, wiki tatu anaogeshwa majani kwa sababu jirani kasema kabemendwa, na wazazi wanaona aibu kumleta maana ukisema mtoto kabemendwa ushasema mambo ya kitandani kwao. Botswana ni 2006 by the way Mangi.

ChipsiYai
Nesi ukali wa kliniki uache kliniki. Bibi yangu kalea watoto tisa hakuwa na mzani.

MamaPacha
Tisa walizaliwa au tisa walikua? Uliza vizuri.

Babu_Pangani
Wajukuu punguzeni moto. Kubemenda mnakucheka lakini wazee hawakuwa wajinga, walikuwa wanamzuia baba asimpe mama mimba nyingine huyu wa kwanza hajaacha ziwa. Huo ndio uzazi wa mpango wetu kabla ya sindano na vijiti.

MamaPacha
Sawa babu, shikamoo, lakini mbona anayetukanwa huwa mama? Wanangu walipokonda mawifi walikaa kikao sebuleni kwangu kunichunguza mimi, kaka yao aliyekuwa anarudi saa nane za usiku hawakumgusa. Kumbe maziwa yalikuwa hayatoshi, watoto wawili na mimi mchana nakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo!

Babu_Pangani
Marahaba. Hilo la mawifi siwezi kulitetea.

Mangi_Mtata
Babu ana pointi. Hata neno kwashakoo, ule utapiamlo wa kuvimba, asili yake ni lugha ya kabila la Waga wa Ghana, daktari mmoja mwanamke Cicely Williams ndo alilichukua kwao miaka ya 1930, maana yake ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa mdogo wake akizaliwa. Kubemenda tupu, ila wao hawakumtafuta mchawi.

Dada_wa_Minnesota
Jamani mimi nashangaa mnavyomshambulia mleta mada. Huku Marekani miaka yote mama mwenye VVU anaambiwa ASINYONYESHE kabisa, kopo tu, na watoto wako salama. Mpaka 2023 ndo wakalegeza, sasa hivi mama na daktari wanakaa wanaamua pamoja. Kwa nini mtoto wa Makambako apewe ya daraja la pili?

ChipsiYai
Dada huko kwenu maji ya bomba mnakunywa moja kwa moja halafu unakuja kutupangia.

Dada_wa_Minnesota
Sijapangia mtu. Nimezaliwa Mwananyamala nimebeba ndoo kichwani kabla wewe hujaota meno.

nesi_wa_zamu
Naomba niseme mara moja halafu nilale. Zamani ushauri ulikuwa kopo kama mama ana uwezo nalo, tukaona watoto wanaoepuka VVU wanakufa kwa kuharisha na nimonia. WHO 2010 wakasema mama ameze dawa anyonyeshe mpaka mwaka mmoja, 2016 wakaongeza mpaka miaka miwili. Mama akiwa kwenye dawa sawasawa na virusi vimeshuka, uwezekano wa kumwambukiza mtoto kwa maziwa ni chini ya 1%. Sio sifuri, sidanganyi mtu. Kibaya zaidi ni KUCHANGANYA, titi asubuhi uji mchana. Watafiti wa Durban, kule kwa Wazulu Afrika Kusini, walishalionyesha hili tangu 1999, vyakula vinakwaruza utumbo wa mtoto, virusi vinapata mlango.
Halafu mkono kama njiti kwa miezi minne hiyo sio kliniki ya kupima na kurudi nyumbani. Ule utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11 anaangaliwa haraka. Na msimnunulie Plumpy'Nut kwa mtu, ile karanga ya pakiti ya kutibu utapiamlo, ile ni kuanzia miezi sita. Huyu wodini anawekewa mrija mwembamba pembeni ya chuchu, ncha nyingine iko kwenye kikombe cha maziwa ya tiba, anavuta titi huku maziwa yanaingia mpaka ziwa lenyewe lishtuke lianze kutoa. Nimeona ziwa limerudi kwa siku tano.

ChipsiYai
Wazulu tena 😂😂 nesi kalale.

Mtu_wa_Ludewa
Makambako kuna njaa gani lakini? Mahindi, viazi, maparachichi, kila kitu.

Mangi_Mtata
Mkuu mkoa wako wa Njombe ndo unaongoza kwa VVU nchini, 12.7%, na nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Parachichi linapanda lori, mtoto anabaki na uji mweupe.

Mtu_wa_Ludewa
Usiseme mkoa wangu kama vile wewe kwenu hamuugui. Kilimanjaro pombe ya mbege mnampa mtoto akiwa na umri gani?

Mangi_Mtata
Mbege imeingiaje hapa??

ChipsiYai
Mleta mada kakimbia. Binamu binamu, mimi nahisi yeye ndo baba mtoto.

Mzawa_Makambako
MIMI SIO BABA MTOTO. Nimekaa kimya nilienda kwao. Baba yake dereva wa malori, Tunduma na Lubumbashi, ndo maana binamu anaishi kwa mkwewe. Sasa nimekaa pale saa moja tu nimemuona bibi anatoka jikoni na kikombe, uji wa ulezi mwepesi, ananiambia tangu ana miezi miwili anampa maana ziwa halimshibishi na usiku analia. Binamu anajua. Hawezi kumwambia mkwe kwa nini asimpe maana mkwe hajui hali yake.

MamaPacha
Mungu wangu.

nesi_wa_zamu
Sijalala. Mzawa, ile damu ya kisigino ya wiki ya sita, ya kumpima mtoto VVU, majibu yake yalisemaje?

Mzawa_Makambako
Ilichukuliwa. Anasema waliambiwa watapigiwa simu.

nesi_wa_zamu
Miezi miwili na nusu?? Mtoto aliyeambukizwa asipoanza dawa, nusu yao hawafiki miaka miwili, na kukonda ndo kunaanza hivyo hivyo. Mwambie kesho asubuhi abebe kadi aende hospitali ya wilaya, adai majibu, achukuliwe damu nyingine na mtoto alazwe. Asingoje simu. Kwa mkwe aseme tu kwamba daktari kakataza uji kwa sababu ya tumbo, ni kweli na inatosha.

ChipsiYai
Kwa hiyo hajabemendwa?

MamaPacha
Nani ana namba ya huyu ChipsiYai nimpigie mimi.