Bad Religion imewezaje kudumu kwa zaidi ya miaka 40?

Mpiga Ridhimu (Tabora)
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi kwa wanaofuatilia muziki wa panki wa Marekani. Bad Religion iliundwa na vijana waliokuwa bado sekondari huko Los Angeles mwaka 1980, na mwaka 2019 ilitoa albamu yake ya 17 ya studio. Mimi nimepiga katika bendi za hapa mjini zilizosambaratika mara tu mwenye vyombo alipohamishia fedha zake kwenye biashara nyingine. Muziki wao ni wa kasi na wa hasira, na sidhani kama kijana huingia humo akitarajia kuzeeka nao. Ni nini hasa kilichowashikilia?

Mzee wa Santuri (Ujiji)
Mkuu, jibu limo katika hilo la mwenye vyombo. Mpiga gitaa wao, Brett Gurewitz, alianzisha lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Epitaph ili bendi ipate pa kutolea kazi zake, kwa hiyo hawakuwa na tajiri wa kumbembeleza. Faida ya jambo hilo ilionekana walipoanguka. Mwaka 1983 walitoa Into the Unknown, albamu iliyojaa vinanda na mwendo wa taratibu; wapenzi wao wakaikataa, na bendi ikavunjika kwa muda. Kama wangekuwa chini ya kampuni ya mtu mwingine, nadhani mkataba ungefutwa na habari ikaishia hapo. Wao walijikusanya, na mwaka 1988 wakatoa Suffer kupitia lebo ileile: nyimbo 15 ndani ya dakika zipatazo 26, zenye sauti za kuitikiana ambazo bendi nyingi za California ziliziiga baadaye. (Anayetaka kuijua bendi hii aanzie hapo, asianzie kwenye mikusanyiko ya nyimbo bora.)

Binti wa Isevya
Nakubaliana na mzee wangu, ila lebo hiyohiyo ilichangia kuwatenganisha. Mwaka 1994 Epitaph ilitoa Smash, albamu ya bendi nyingine iitwayo The Offspring, iliyouza zaidi ya nakala milioni 10, wakati Bad Religion yenyewe ilikwisha kuhamia Atlantic, kampuni kubwa. Gurewitz, lebo ikiwa imekua ghafla mikononi mwake, akaondoka mwaka huohuo, na nafasi yake ikachukuliwa na Brian Baker, aliyewahi kuwa na bendi ya panki ya Minor Threat ya Washington. Gurewitz aliporudi mwaka 2001, Baker hakuondolewa, bali bendi ikawa na wapiga gitaa watatu, na kwa kuwa Gurewitz ana kampuni ya kuiendesha, kwa kawaida hasafiri nao katika ziara. Ni bendi chache zinazoweza kumpokea aliyeondoka bila kumtoa aliyeziba pengo lake. Tukumbuke pia kwamba mwimbaji Greg Graffin alipata shahada ya uzamivu katika zoolojia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2003, na amefundisha vyuoni. Mwimbaji mwenye kazi nyingine halazimiki kukubali kila onyesho analoitiwa.

Mpenzi wa Dansi (Kigoma)
Hoja ya umiliki mimi siipokei yote. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na katika miaka hiyo vyombo havikuwa mali ya wanamuziki. Hata hivyo ni kongwe kuliko Bad Religion. Kwa maoni yangu, kinachodumisha bendi ni watunzi. Graffin na Gurewitz wote hutunga, kila mmoja kwa mtindo wake, na albamu zilizotoka kati ya 1996 na 2000, wakati Graffin alipobeba mzigo mkubwa wa utunzi, zinapwaya zikilinganishwa na The Process of Belief ya mwaka 2002, ambayo waliitoa wakiwa pamoja tena, tena kwa lebo ya Epitaph.

Mpiga Ridhimu (Tabora)
Nashukuru sana. Bendi yetu mpya ina mtunzi mmoja tu na vyombo ni vya kukodi. Tungeanza na lipi?

Mzee wa Santuri (Ujiji)
Mpigaji wa pili aanze kutunga sasa, kwa kuwa hilo halina gharama. Fedha za maonyesho ya kwanza zinunue amplifaya ya besi, na mwandikiane ni mali ya nani kabla haijatoka dukani.