Naombeni ushauri: mama mkwe anataka mwanangu aitwe Semeni

Mama Kichanga, Tanga:
Shikamooni wakubwa. Nimejifungua mtoto wa kike baada ya miaka minane ya ndoa, na akika yake ni Jumapili, siku ya saba. Mama mkwe, ambaye miaka yote hiyo alinitetea kwa majirani walioniita mgumba, anataka mtoto aitwe Semeni, yaani waliosema waendelee kusema. Mume wangu ameafiki. Sitaki kumvunja moyo mama huyu, lakini naogopa kumtwika mwanangu ugomvi asioujua. Nifanyeje?

Msukuma wa Magu:
Hongera sana, dada. Kwetu jina hueleza mtoto alivyokuja: pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayewafuata ni Shija, na aliyezaliwa wakati wa mvua ni Mabula akiwa wa kiume au Kabula akiwa wa kike. Hata Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, aliitwa kwanza Mugendi, kisha akapewa Kambarage, jina la mzimu wa mvua wa Wazanaki. Majina hayo humhusu mtoto mwenyewe, ilhali Semeni linawahusu majirani.

Bi Semeni:
Mwanangu, mimi ndilo jina langu. Shuleni, kila mwalimu mgeni alipolifikia katika daftari la mahudhurio alinyanyua macho na kuniamuru niseme, na darasa zima likacheka. Siku moja nilirudi nikilia, bibi akanikalisha mkekani na kuniambia kwamba jina lile ni kanga aliyomsitiri nayo mama yangu watu walipomvua nguo kwa maneno. Sikulichukia tena, ingawa binti zangu sikuwapa jina la fumbo. Usilikatae mbele za watu. Mwombe mama mkwe alitumie yeye nyumbani, na kwenye akika na cheti cha kuzaliwa liingie jina linalomhusu mtoto. Alizaliwa saa ngapi?

Mama Kichanga, Tanga:
Saa nane usiku, mama, na mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpakata. Nimemsomea maneno yako kuhusu kanga. Amenyamaza kitambo kirefu huku akimfunika mtoto miguu, kisha akasema kwamba Jumapili aitwe Chausiku, ila yeye akiwa naye peke yao atamwita Semeni.