Bushi ya difu imekufa, gereji ikaniuzia difu nzima. Wenye magari ya michezo someni kabla hamjapigwa

Wakuu, jambo hili limenikaa kooni, leo naliweka hapa lote. Jina la gereji silitaji, na msiniombe inboksi. Lakini waliyoyafanya nitayasema bila kupunguza, maana najua si mimi peke yangu, na gari linalofuata kulazwa pale linaweza kuwa lako.

Gari ni Nissan Fairlady Z, ile Z33 ambayo nje ya Japani inaitwa 350Z. Injini VQ35DE, gia sita za mkono. Lilianza kugonga nyuma. Ukiachia klachi kuondoka, kong! Ukitoka moja kwenda mbili, kong! Kwenye foleni ya Mwenge, pale unapokanyaga na kuachia mafuta kila baada ya mita mbili, linagonga kana kwamba kuna mtu amefungiwa kwenye buti. Chini ya gari, sabufremu (fremu ndogo ya chuma inayobeba suspensheni ya nyuma) na tumbo la difu (kisanduku cha meno cha nyuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) vimelowa uchafu mweusi.

Mlio na ule unyevu, vikija pamoja kwenye Z33 au kwenye ndugu yake Skyline V35, ni ugonjwa unaojulikana dunia nzima kwa yeyote aliyewahi kuyashika magari haya. Difu haikufungwa chuma kwa chuma. Imeshikwa na sabufremu kupitia bushi, yaani vishikizi vya mpira na chuma, na mojawapo ni kubwa, imeshindiliwa kwa presi ndani ya sabufremu yenyewe. Ndani ya bushi hiyo kuna mpira, na ndani ya mpira kuna vyumba vyenye maji maalumu. Difu ikitikisika, maji yanasukumwa kutoka chumba hiki kwenda kile kupitia kijia chembamba, na mtikisiko unafia hapo hapo. Ndiyo maana gari likiwa zima husikii sauti ya meno ya difu ndani ya kabini. Mpira ukichanika, maji yanatoka, yanatiririka juu ya difu na kushika vumbi. Asiyejua akichungulia anasema difu inavuja oili. Haivuji. Bushi imepasuka.

Na hii si kazi ya mpira wa kupuuza. Injini inatoa Nm 363 za nguvu ya kuzungusha. Gia ya kwanza inazidisha kwa 3.794, difu inazidisha tena kwa 3.538. Pigeni hesabu wenyewe, ni karibu Nm 4,870 zinazokwenda kwenye magurudumu. Nguvu hiyo hiyo inataka kulizungusha ganda la difu upande wa pili, mdomo wake uinuke juu. Kinacholizuia ni bushi na maunti (vishikizi vyake vingine), basi. Zikilegea, difu inaruka kila ukiondoka, na mzigo unahamia kwenye bolti, kwenye ekseli na kwenye joint za propela, ile shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye gia hadi difu.

Sasa sikieni nilivyofanyiwa.

Fundi mkuu alilala chini ya gari muda wa kuvuta pumzi tatu, akaona unyevu, akatoka na hukumu: oili sili za difu, yaani mipira inayozuia oili isitoke. Nikamwambia kwa heshima, "Fundi, haya magari yanasifika kwa bushi, naomba uicheki kwanza." Akanijibu kwamba yeye ameanza kufungua difu mimi nikiwa shule ya msingi. Sili zikabadilishwa, oili mpya ikawekwa, nikalipa. Natoka getini tu, kong!

Nikarudi. Safari hii hukumu ikawa nzito zaidi: difu imekula meno, inatakiwa nyingine. Wakaniletea difu mtumba, wakasema imetoka Dubai, haijaguswa, safi kabisa. Nikauliza kama wamefungua yangu wakaona hayo meno yaliyoliwa. Jibu likawa, "Bosi, sauti yenyewe inajieleza." Wakafunga. Nikalipa tena, na hapa tunaongelea fedha ambayo familia nyingi hazijawahi kuishika kwa mkupuo. Gari likaendelea kugonga vile vile.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, kabla hata sijafika kwenye uharibifu. Kupima ugonjwa huu hakuhitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka Japani. Fungua boliti ya kujazia oili ya difu. Difu hii inachukua kama lita 1.4 tu, kwa hiyo ingekuwa inavuja kiasi cha kulowesha sabufremu, usawa wa oili ungeshuka ukaonekana. Oili ikiwa imefika kwenye mdomo wa tundu, kilichomwagika kimetoka kwingine. Halafu weka kidole kwenye ule uchafu, nusa. Oili ya difu, ile ya daraja la GL-5, ina harufu kali ya salfa ambayo kila fundi anaijua hata akiwa amefumba macho. Maji ya bushi hayana harufu hiyo. Mwisho chukua mtaimbo, uingize kati ya difu na sabufremu, sukuma. Difu ikipanda na kushuka huku mpira umeachana na chuma, kesi imekwisha. Ni dakika kumi. Walikataa kutumia dakika kumi kwa sababu dakika kumi haziuzwi, difu inauzwa.

Kijana mmoja wa pale, anayejifunza kazi, ndiye aliyeiona bushi. Alinionyesha kwa tochi mpira uliochanika mduara mzima. Namshukuru na sitamtaja kwa lolote. Nilidhani sasa tumefika. Nikaacha gari, nikaacha na maagizo: tafuteni bushi sahihi, mkikosa nipigieni, msiguse kitu.

Hawakunipigia simu.

Bushi ya namna hii hutolewa kwa presi, au kwa skrubu ndefu ya kuvutia na bomba la saizi yake, difu ikiwa imeshushwa. Ganda la nje likigoma, unalikata kwa msumeno wa chuma taratibu, unasimama kabla hujagusa sabufremu, unalikunja kwa ndani kwa tindo mpaka lilegee. Ni kazi ya uvumilivu. Wao walichukua gesi ya kukatia, wakachoma mpira hapo hapo chini ya gari, karibu na tanki la petroli. Moto ukaula ukuta wa tundu la sabufremu. Tundu lililotakiwa kuwa duara kamili likawa na mabonde. Kisha wakaenda leti (mashine ya kuchongea vyuma) wakachongesha bushi ya nailoni, ikaingia ikicheza, kwa hiyo wakaizungushia vipande vya bati mpaka ikabana. Juu ya yote hayo wakapiga welding sehemu kadhaa ili isitoke. Welding. Kwenye sabufremu inayobeba suspensheni ya nyuma ya gari lenye kasi namna hii.

Sikuyajua haya siku ile. Nilichojua ni kwamba kugonga kumepungua na badala yake umekuja mlio wa "uuuuu" kuanzia 60, unaopanda na spidi. Na barabara ya Kibaha, ukifika 80, kiti kizima kinatetemeka. Gari pia likawa zito kuondoka. Nikapiga simu. Nikaambiwa nilizoee, ndivyo gari la spoti lilivyo.

Ndipo nikalipeleka kwa fundi mwingine, mwenye lifti na adabu ya kazi. Alishusha kila kitu mbele yangu. Ile nailoni, yale mabati, ile welding, vyote nimevipiga picha. Mtetemo ulikuwa wa propela. Propela ya Z33 ni kipande kimoja cha kaboni, imesawazishwa kiwandani, na sheria ya kwanza kabla ya kuifungua ni kupiga alama kwenye flanji yake (sahani ya mwisho inayofungwa kwa bolti) na flanji ya difu ili irudi pale pale ilipokuwa. Hakukuwa na alama yoyote. Walifunga popote bolti zilipoingia. Fundi akaizungusha flanji, akajaribu tena, mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo.

Uzito wa kuondoka ukapata maelezo pia, na hapa nilikaa chini. Akahesabu meno ya difu niliyouziwa: 47 kwa 14. Hiyo ni 3.357, difu ya gari la automatiki. Yangu ya gia za mkono ilikuwa 46 kwa 13, yaani 3.538. Waliniondolea difu nzima, isiyo na kosa, wakanifungia ya uwiano mwingine inayopunguza karibu asilimia 5 ya nguvu ya kuvuta kwenye kila gia, na wakanitoza kwa huduma hiyo. Difu yangu iko wapi? Nilipoidai niliambiwa ilitupwa na vyuma chakavu. Difu ya Z33 ya gia za mkono haitupwi, wakuu. Inauzwa, na anayeinunua anajua anachonunua.

Najua wapo watakaosema hapa kwamba spea za gari hili ni shida. Ni kweli, na sikatai. Kwenye katalogi ya kiwanda bushi ile kubwa haiji peke yake, inakuja na sabufremu nzima. Lakini njia zipo. Zipo bushi za poliyurethani zilizotengenezwa mahususi kwa Z33 na V35, zinaagizwa mtandaoni, zinabana difu vizuri zaidi ya ile ya maji na kelele yake inavumilika, mradi zipakwe grisi ya silikoni na zikazwe kwa spana ya kupima. Zipo za alumini, ambazo mimi nisingeziweka kwenye gari la kwendea kazini Posta kwa sababu mlio wote wa difu unaingia ndani, ila kwa mtu wa mashindano ni sawa. Ipo hata sabufremu mtumba yenye bushi nzima, ukiikagua kwa mtaimbo kabla ya kulipa. Kuulizana na mteja achague kati ya hizo tatu ni simu moja. Nimezunguka maduka ya Gerezani pale Kariakoo mwenyewe, na muuzaji asiye na kitu alinijibu "sina" tukaachana salama. Kusema "sina" si aibu.

Na wale wa "ulifuata nini gari la aina hiyo", hifadhini maneno. Bushi za difu na maunti ziko kwenye Mark X, kwenye Altezza, kwenye Impreza mnazoendesha, kwenye BMW za mabosi wenu. Matuta yetu, mashimo na joto la Dar vinaumaliza mpira kwa gari lolote. Tena oili ikivuja kweli juu ya bushi ya mpira wa kawaida, mpira unavimba na kulainika, kwa hiyo hata yule mwenye sili mbovu ataishia kwenye bushi. Fundi asiyejua kuipima atawapiga nyote, kuanzia mwenye Z mpaka mwenye Premio ya injini maunti.

Kinachoniuma kuliko fedha ni kwamba nilisema. Nilisema mwanzo kabisa kwamba icheki bushi. Nilisema msiguse kitu bila kunipigia. Mteja akilipa anakuwa na haki ya kuambiwa kinachofungwa kwenye gari lake, na kurudishiwa kilichotolewa. Kuna vijana wametoka VETA wanaifanya kazi hii kwa uaminifu, na majina yao yanachafuliwa na watu wa namna hii wanaochoma sabufremu ya mtu kwa gesi halafu wanaifunika bati.

Nimewapelekea madai yangu kwa maandishi, na nakala ninayo yenye saini ya aliyeipokea. Nataka difu yangu ya 3.538 au thamani yake. Nataka fedha ya oili sili ambazo hazikuwa na tatizo. Nataka sabufremu nyingine, kwa kuwa hii fundi wa sasa amekataa kushindilia bushi mpya kwenye tundu lililoliwa na moto, na namuunga mkono. Wakikaa kimya, faili lenye picha, risiti na hesabu ya meno linakwenda Tume ya Ushindani, na baada ya hapo mahakamani. Sitafuti huruma ya "bosi tuelewane".

Wakati hayo yanaendelea gari liko juu ya stendi. Kwa hiyo wakuu, mwenye sabufremu ya nyuma ya Z33 au V35 ya milango miwili, isiyopigwa wala kuchomelewa, aandike hapa bei na mahali ilipo, nitakuja na mtaimbo wangu. Na anayejua leti Dar yenye presi ya kweli na fundi anayekubali mteja asimame pembeni akiangalia, ataje eneo. Picha za ile nailoni na mabati yake naziweka kwenye posti inayofuata.