Umewahi kuuza kitu ulichopewa bure? Tupeane uzoefu

Kirikuu cha Jioni (mleta mada)

Wakuu, salaam. Hili jambo nimekaa nalo muda, leo nalitoa.

Naendesha kirikuu hapa Dar, kazi yangu kuhamisha watu. Kipindi kile watumishi wanahamia Dodoma, kazi zilikuwa za kumwaga. Mama mmoja wa Mikocheni alikuwa na sofa la watu watatu lililokosa nafasi kwenye lori. Akaniambia, "Mwanangu, chukua ukakalie na wanao, usinilipe kitu." Nikashukuru mpaka nikainama. Saa kumi na moja jioni sofa liko Keko, fundi kanihesabia laki na themanini. Kijana wa kubeba nikampa elfu kumi, nikajaza mafuta, nikaingia nyumbani na nyama kilo mbili.

Wiki ya pili simu inaita. Mama anaomba nimpigie picha wanangu wamekaa kwenye sofa, akawaonyeshe watoto wake, maana walililia sana. Nikamwambia simu yangu haina kamera.

Sasa kupewa bure halafu ukauza ni dhambi, ujanja au biashara? Mahubiri tumeyasikia, leteni yaliyowakuta.

Mangi Mdogo

Mkuu, kitu kikishatoka mkononi mwa mwenyewe ni chako. Umechoma mafuta, mgongo umeuma wewe. Mimi kosa nililoliona ni la kamera. Kirikuu unacho, simu ya maana huna?

Mama Pacha

Mimi niliuza chandarua. Mimba ya pili, hudhurio la kwanza kliniki nikapewa changu. Nyumbani tayari vipo viwili: kimoja mwanangu wa kwanza alipewa kwenye chanjo ya surua akiwa na miezi tisa, kingine mdogo wangu alitoka nacho shuleni. Kitanda kimoja vyandarua vitatu, nitajifunika kama bibi harusi? Jirani hakuwa nacho, nikampa kwa elfu tano, ikawa nauli yangu ya kliniki mwezi uliofuata. Sijutii hata kidogo.

Kilichoniuma nilikikuta gulioni. Mwanaume kapanga chini vyandarua kama thelathini, vilevile vya kliniki, nailoni hazijaguswa. Sasa kwetu nesi anachana nailoni mbele yako kabla hajakukabidhi, makusudi, ili ukitoka nje kisiwe na soko. Changu nilikiuza kikiwa kimechanwa, ndiyo maana kikaenda kwa elfu tano. Hivyo thelathini havijapita mkononi mwa mjamzito yeyote. Vimetoka stoo. Na mwezi huohuo kliniki tuliambiwa vyandarua vimeisha, tusubiri.

Kwa hiyo mleta mada usijilinganishe na yule. Sofa lako hakuna aliyekuwa kwenye foleni akilisubiri.

Dagaa Kauzu

Na hivyo vilivyochanwa vingine vimezungushiwa mchicha na vifaranga, na huku kwetu ziwani vinavulia. Bora hata kiuzwe kikaninginie kitandani kwa mtu.

Msela wa Ngara

Nikiwa chuoni Nairobi kulikuwa na programu ya kuagiza chakula, mteja mpya oda ya kwanza anakula karibu bure. Nikakusanya laini: yangu, ya mama, ya shangazi, ya binamu wawili. Naagiza kuku na chipsi, nawauzia wenzangu wa hosteli kwa nusu ya bei ya mkahawa. Kila mtu anafurahi, kampuni ni kubwa, nani analia?

Jamaa wa pikipiki akaleta oda ya nne mlango uleule. Akasoma jina kwenye simu yake, akaniangalia ndevu, akauliza, "Leo wewe ndiye Mama Njeri?" Tulicheka wote. Kesho yake nambari zote zikafungiwa. Mwaka uliofuata mamangu amevunjika mguu, anataka kuagiza chakula nyumbani, anaambiwa nambari yake ilishafungiwa kwa udanganyifu. Mama hajawahi kununua hata soda kwa simu. Alinipigia akiwa na aibu kana kwamba ameiba yeye.

Mtu wa Muscat

Mimi nilikuwa upande wa mnunuzi. Ramadhani nipo kazini zamu ya jioni, msikiti wa karibu unagawa futari: biriani, tende, laban, maji. Sisi kutoka haturuhusiwi. Jamaa mmoja wetu akawa anapanga foleni, anarudi na pakiti sita, anatuuzia baisa mia mbili kila moja. Tukanunua siku tatu kwa shukrani kabisa.

Siku ya nne mzee mmoja wa Pemba akaisukuma pakiti yake nyuma. "Miguu yako nakulipa. Hichi chakula kakuuzia nani?" Akafuturu mkate na maji. Jamaa akanuna, lakini kesho yake akasema kila mtu ampe baisa hamsini za kwenda na kurudi, akaacha kutaja bei ya pakiti. Nyie mtaona ni mchezo wa maneno, ila mzee alikula.

Nusu Kontena

Hapa Hamburg watu wanatoa vitu nje na kikaratasi cha "chukua bure": baiskeli, meza, mashine za kufulia. Miaka yote nakusanya, napakia kontena, naleta Dar nauza. Bure hiyo ukijumlisha stoo, meli, ushuru na bandari, inakutoa jasho.

Ninapoingia nyumbani kwa mtu kuchukua kitu, namwambia mlangoni: hiki nakipeleka Tanzania kukiuza. Kuna bibi mmoja alifunga mlango. Wengine wote wamenisaidia kubeba.

Shangazi wa Kipawa

Mleta mada, swali dogo. Huyo mama wa Mikocheni hakuwa na dada wa kazi?

Kirikuu cha Jioni

Shangazi umenishika pabaya. Alikuwepo. Ndiye aliyeshika upande wa pili wa sofa kulishusha ngazi, kijana wangu alikuwa anafunga kamba kwenye lori. Alikuwa anarudi kwao Singida siku hiyohiyo, na begi moja.

Nimesoma ya Nusu Kontena nikampigia mama jana usiku. Nikamweleza yote, mpaka bei. Akanyamaza, nikajua kakata. Kumbe yupo. Akaniuliza, "Laki na themanini? Mimi fundi aliniambia halifiki hata hamsini." Akacheka kidogo, akanitumia namba ya yule dada, akasema nusu ni ya kwake.

Nimeshatuma elfu arobaini. Iliyobaki mwisho wa mwezi, kirikuu kipo gereji.