Naomba ushauri: leza ya kulengea kwenye Glock 19, nyekundu au kijani?

KahawaChungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Kibosho, Moshi. Bastola ni Glock 19 Gen 4 (toleo la nne), leseni ipo hai. Nataka kuifunga leza kwa matumizi ya usiku nyumbani. Kutoka barazani hadi getini ni kama mita 18, migomba na mibuni pande zote; ndani hakuna chumba kinachozidi mita 6. Vilengeo ni vilevile vya plastiki vilivyokuja nayo.

Mtandaoni naona za kijani na nyekundu, bei zinaachana hata mara tano, na zote picha zinafanana. Nichukue rangi ipi? Ifungwe wapi? Na inarekebishwaje ili risasi iende pale nukta ilipo? Kumbukeni huku Juni na Julai ni baridi na ukungu.

Fundi_Fremu, Arusha

Mkuu, umeanza na rangi, na rangi ndiyo ya mwisho kuamua. Anza na mahali inapokaa na jinsi inavyowashwa. Kwa Gen 4 una njia tatu.

Ya kwanza ni kwenye reli iliyo chini ya mtutu. Ndiyo rahisi, lakini jihadhari: reli ya Glock ina mfereji mmoja tu wa kukatiza, na si reli ya Picatinny kamili, ile ya kawaida yenye mifereji mingi. Leza nzuri inakuja na vipande vya kubadilisha vya kukaa kwenye mfereji huo, unachagua kinachokaa bila kucheza. Zile za bei ya kutupa zina kipande kimoja cha kulazimisha kila bastola. Ukiifunga leo inashika, ukipiga magazini mbili imesogea nusu milimita, na nusu milimita kwenye kifaa chenye urefu wa sentimita 5 ni sentimita 10 ukifika mita 10. Hapo ndipo tofauti ya bei inapotoka, si kwenye mwanga.

Ya pili inakaa kwenye mpini, mtindo wa Crimson Trace. Kitufe kiko pale vidole vinapokaza, kwa hiyo ukishika bastola sawasawa inawaka yenyewe, hutafuti swichi gizani. Tatizo lake halitajwi kwenye matangazo: mwanga unatoka upande wa kulia juu, karibu na slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga). Mtu wa mkono wa kulia akinyoosha kidole cha shahada kando ya fremu, kama inavyotakiwa kabla ya kuamua kupiga, kidole chenyewe kinaziba mwanga. Inabidi ukishushe kidogo kidole, na hilo linataka mazoezi.

Ya tatu ni ile inayochukua nafasi ya fimbo ya springi ya ndani, aina ya LaserMax. Haibadilishi umbo la nje, mfuko wako wa kiunoni unabaki uleule. Lakini swichi ni lile komeo la kufungulia slaidi, na ukishanunua hairekebishiki, imepangwa kiwandani. Na angalia sana: springi ya Gen 3 si ya Gen 4. Ya Gen 4 ni springi mbili moja ndani ya nyingine, fimbo ni nene. Muuzaji akikwambia "inaingia Glock 19 zote", achana naye.

Kwako wewe ningeweka ya mpini. Reli iache wazi, utajua kwa nini ukisoma watakaokuja chini.

Babu wa Sakina

Kwa sababu ya taa. Mwanangu, leza haimuliki. Kwenye migomba saa nane usiku nukta itakuonyesha risasi inakwenda wapi, haitakuonyesha kama aliyesimama pale ni mwizi, ni mlinzi wako, au ni kijana wa jirani kaja kuchukua ndama aliyekatika kamba. Taa nyeupe kwenye reli kwanza, ndipo leza. Kama pesa inatosha kitu kimoja, ni taa. Na tochi ya mkononi ibaki pia, maana huwezi kutafuta funguo kwa kuelekeza bastola.

Vilengeo vya plastiki navyo badilisha. Vyenye tritiamu, gesi yenye mionzi hafifu, vinawaka bila betri. Nusu uhai wa tritiamu ni miaka 12 na kidogo, kwa hiyo baada ya muda huo mwanga umebaki nusu. Betri ikiisha, vilengeo ndiyo tegemeo lako.

Mama Rau

Sasa rangi. Jicho la binadamu mchana linaona vizuri zaidi karibu na nanomita 555 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndicho kinachotaja rangi), yaani kijani chenye unjano. Ndiyo maana kwa nguvu ileile kijani cha nanomita 520 huonekana karibu mara tatu ya nyekundu ya 635, na zaidi ya mara sita ya nyekundu ya 650. Ona hapo: hata nyekundu na nyekundu hazilingani. Kwenye maelezo tafuta 635. Za bei rahisi karibu zote ni 650 na wauzaji hawaandiki.

Kijani nacho kina aina mbili. Ya zamani, nanomita 532, haitoi kijani moja kwa moja. Ndani kuna diodi ya 808 isiyoonekana, inasukuma kioo kinachotoa 1064, halafu kioo kingine kinaigawa mara mbili kuwa 532. Mlolongo huo hauipendi baridi. Asubuhi ya Julai Kibosho itafifia au itachelewa kuwaka. Na ikiwa mtengenezaji kabana matumizi akaacha kichujio, mwanga usioonekana unatoka pamoja na kijani, na jicho halipepesi kwa kitu lisichokiona. Kama unataka kijani, chukua 520 ya diodi ya moja kwa moja.

Lakini dada yako nakwambia, kwa usiku na mita 18 nyekundu ya 635 inatosha kabisa, na betri inadumu: nyingi za nyekundu zinakwenda saa 4 au zaidi za kuwaka mfululizo, kijani saa 1 hadi 2. Kijani kinalipa mchana. Jua la saa sita la Arusha nyekundu inapotea mita chache tu mbele yako.

Ukungu: kwenye ukungu mzito au moshi wa jikoni mwanga unageuka kamba inayoonekana tangu mwanzo hadi mwisho, na kijani kinaonekana zaidi. Kamba hiyo ina ncha mbili, na moja imeishia mkononi mwako.

Nguvu isizidi miliwati 5. Anayekuuzia "miliwati 100 ya bastola" anakuuzia upofu, hasa ikirudi kutoka kwenye kioo cha dirisha au vigae vinavyong'aa.

Ngamia_Mkimya

Na usiijaribu kwa kuelekeza angani. Huku kuna KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, marubani wanatua usiku.

Upepo wa Machame

Nije kwenye kurekebisha, maana hapa ndipo wengi wanaharibu halafu wanalaumu leza.

Kwanza elewa kwamba leza haiko mahali pamoja na tundu la mtutu. Chukua mfano wa ya reli, iko kama sentimita 4 chini. Ukizikutanisha nukta na risasi mita 10, basi mita 5 risasi inapiga sentimita 2 juu ya nukta, mita 3 karibu sentimita 3 juu, na ukifika mita 20 mambo yamegeuka: risasi iko sentimita 4 hadi 5 chini ya nukta. Kwa nyumba yako hiyo si kitu. Anayekutanisha mita 3 kwa sababu sebule ni ndogo ndiye anayeumia: kwa kipimo hichohicho, mita 18 risasi inapiga sentimita 20 chini ya nukta. Ya mpini inaongeza kuachana kwa pembeni, maana mwanga uko kulia mwa mtutu, lakini hesabu ni hiyohiyo. Kutanisha mita 10, uache.

Hatua zenyewe. Toa magazini. Koki, toa iliyo kwenye chemba, tazama ndani kisha gusa kwa kidole, maana gizani jicho linadanganya. Risasi zote ziende chumba kingine kabla hujashika alenki. Kwa atakayechagua ile ya fimbo ya springi, weka akilini kwamba Glock haifunguki bila kubonyeza triga. Ukisahau chemba hapo, umepiga ukuta.

Kisha kwa bastola tupu, tazama kwa vilengeo vyako kwenye karatasi iliyo mita 10, na zungusha skrubu mpaka nukta ikae juu kidogo ya ncha ya kilengeo cha mbele. Skrubu ya juu-chini na ya kulia-kushoto, alenki yake nyembamba kama sindano, robo mzunguko kila mara. Ikigoma usilazimishe, umefika mwisho wa springi na ukiendelea inavunjika.

Halafu uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Mikono juu ya mfuko wa mchanga, leza imezimwa, risasi tano kwa vilengeo. Pata katikati ya matundu matano. Sasa shika vilengeo palepale ulipolenga, washa leza, na isogeze nukta iende kwenye katikati ya matundu. Wengi wanasogeza kinyume kwa sababu wamezoea kilengeo cha nyuma, wanamaliza boksi zima wanazunguka. Nukta inafuata matundu. Piga tano tena kwa leza, sahihisha mara moja, basi.

Ukiridhika, tone moja la gundi ya skrubu ya bluu kwenye skrubu za kufungia tu, si zile za kurekebishia, wala si nyekundu, maana nyekundu inataka moto ndipo iachie na fremu yako ni plastiki. Piga risasi 50 nyingine, rudi uangalie. Kama nukta imehama, tatizo ni ufungaji au leza yenyewe, si mkono wako.

Fundi_Fremu, Arusha

Naongezea: kuna leza ya umbo la risasi ya 9mm inayoingizwa kwenye chemba. Inasaidia kupata makadirio ukiwa nyumbani, haimalizi kazi. Na kanuni yake ni moja, itoke na uione mezani kabla risasi halisi haijarudi chumbani.

KahawaChungu

Shukrani sana, nimekuwa nikiwaza kinyume kabisa. Basi ni taa kwenye reli, leza nyekundu ya 635 kwenye mpini. Maswali mawili ya mwisho. Nikijaribu leza ya kuazima, nukta inacheza ukutani kama nzi, haitulii. Ni kasoro? Na betri nibadilishe lini?

Babu wa Sakina

Si kasoro, ndivyo mkono wako ulivyo siku zote, leo tu umeonyeshwa. Tatizo linakuja pale unapoisubiri nukta ipite katikati halafu unaivuta triga ghafla. Risasi inakwenda chini kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Acha nukta icheze ndani ya duara la sahani ya chai, bonyeza triga polepole bila kujali. Bastola tupu, ukuta wa tofali, mara 20 kila jioni, angalia kama nukta inaruka triga inapoachia. Kwa kazi hiyo leza ina faida kuliko hata kwenye kulenga.

Na kabla hujaagiza chochote kutoka nje, chukua picha na maelezo ya kifaa, nenda nayo ofisi ya polisi iliyoshughulikia leseni yako. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuuliza mapema ni safari moja ya daladala. Mzigo ukishakwama forodhani ni safari nyingi.

Mama Rau

Betri: nyingi za mpini zinatumia zile bapa za CR2032, kama za ufunguo wa gari. Badilisha mara moja kwa mwaka hata kama inawaka, uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito juu ya betri mpya. Usinunue zile zilizokaa juani kwenye kibanda. Ukiona kutu ya kijani au unga mweupe kwenye vibati, futa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke.

Kioo nacho kinataka kuangaliwa. Masizi ya baruti yakikaa, nukta inakuwa doa lenye mikia, watu wanadhani leza imekufa. Pamba ya masikioni, spiriti kidogo, mzungusho mmoja. Usipulizie dawa ya kusafishia mtutu karibu na hapo, nyingine zinakula plastiki ya kioo.

Upepo wa Machame

Mfuko wa kiunoni pia. Ukishaweka taa, wa zamani hauingii tena. Chukua wa plastiki ngumu uliotengenezwa kwa Glock 19 yenye taa hiyohiyo, ufunike triga yote. Kisha ingiza bastola tupu, zima taa za chumba, chungulia: kama kuna mwekundu unavuja, mfuko unabonyeza kitufe na betri itakuwa imekufa kabla ya Ijumaa. Ya mpini kwa kawaida ina swichi ndogo ya kuzima kabisa chini ya mpini, itumie unapoihifadhi kwenye sefu.

KahawaChungu

Nimechungulia mfuko wa yule aliyeniazima. Unavuja.